Kutisha Bila Picha: Jinsi Michezo ya Kale ya Redio ya Marekani Ilivyojengwa

Kila mwaka, siku za mwisho za Oktoba zinapokaribia, Wamarekani wengi hurudi kwenye sauti zilizorekodiwa kabla wazazi wao hawajazaliwa. Usiku wa tarehe 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambao wao huuita Halloween, ni usiku wa mavazi ya mizimu na hadithi za kutisha, na miongoni mwa hadithi hizo michezo ya redio ya miaka ya 1930 na 1940 ingali na nafasi yake. Vituo vya redio huirusha upya, na wapenzi wake huitafuta kwenye intaneti na kuisikiliza taa zikiwa zimezimwa. Leo tumezoea kuitia michezo hiyo yote katika kapu moja, ingawa ilikuwa ya aina mbalimbali, ilirushwa kila wiki mwaka mzima, na ni michache tu iliyotungwa kwa ajili ya Halloween yenyewe. Ninachotaka kufafanua hapa ni chanzo cha nguvu yake, maana kwa maoni yangu nguvu hiyo ilitoka kwenye mazingira ya kazi ya redio kuliko kwenye mizimu inayotajwa ndani ya hadithi: giza la msikilizaji, saa ya kipindi, fedha za wadhamini, marufuku ya kutumia rekodi, na ufundi wa watu waliosimama mbele ya maikrofoni wakiwa na kisu na kabichi.

Tuanze na giza. Tarehe 15 Januari 1924, BBC ilirusha kutoka London mchezo wa Richard Hughes uitwao Danger, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa mchezo wa kwanza kuandikwa mahususi kwa ajili ya redio. Watu wamo ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zinazimika, kisha maji yanaanza kuingia. Hughes alikuwa amekabiliwa na swali ambalo kila mwandishi wa redio aliyemfuata alilazimika kulijibu, yaani ufanye nini na hadhira isiyoona chochote, na jibu lake lilikuwa kuwatia wahusika wenyewe katika hali ileile. Mchimbaji asiyeona na msikilizaji asiyeona wakawa mahali pamoja. Wasikilizaji waliombwa wazime taa majumbani mwao, na ombi hilo lilikuwa la maana sana, kwa kuwa liliondoa ukuta wa mwisho kati ya sebule na mgodi.

Danger haukuwa mchezo wa mizimu, lakini kanuni iliyoonekana humo ndiyo iliyozaa michezo yote ya kutisha iliyofuata. Mtengenezaji wa filamu, hata akiwa stadi kiasi gani, mwishowe hulazimika kumwonyesha zimwi wake, na mara zimwi linapoonekana linapata urefu, rangi na mipaka. Mtazamaji anaweza kulipima na hata kulizoea. Kwenye redio, zimwi halionekani kamwe. Mwandishi hutoa mlio mmoja au neno moja, na msikilizaji hulichora mwenyewe kwa kipimo cha hofu yake, hivi kwamba watu kumi walioketi mbele ya redio moja wanaogopa mazimwi kumi tofauti.

Kipindi kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha kutisha katika redio ya Marekani, The Witch's Tale, kilianza mwaka 1931 katika kituo cha WOR mjini New York, kikitungwa na Alonzo Deen Cole. Kila hadithi ilifunguliwa na ajuza aitwaye Old Nancy, mchawi wa Salem, mji wa Marekani unaokumbukwa kwa kesi za uchawi za karne ya 17, aliyekaa na paka wake mweusi na kuwaamuru wasikilizaji wazime taa kabla hajaanza kusimulia. Msomaji aliyekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" atamtambua mara moja, kwa sababu huyu ni fanani, na kazi yake ni ileile ya bibi anayesimulia usiku: kuichukua hadhira kutoka kwenye mambo ya mchana, kuipa ruhusa ya kuogopa, na kuirudisha salama mwishoni. Waandishi wa redio hawakulibuni jambo hilo, walilirithi kutoka kwenye masimulizi ya mdomo, na pengine ndiyo maana michezo yao inazoeleka haraka kwa msikilizaji wa utamaduni mwingine. Adelaide Fitz-Allen, mwigizaji mzee aliyemwigiza Old Nancy, alipofariki mwaka 1935, nafasi yake ilichukuliwa na Miriam Wolfe, msichana wa miaka 13. Watu waliendelea kusikia ajuza. Sijui mfano ulio wazi zaidi ya huo wa uwezo wa sauti kuumba umri, sura na mwili mzima.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Chicago. Mnamo Januari 1934, Wyllis Cooper, mfanyakazi mjini humo wa NBC, mmoja wa mitandao mikubwa ya vituo vya redio nchini, alianzisha kipindi cha Lights Out, kikirushwa saa 6 ya usiku. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya mandhari peke yake. Redio ya kibiashara ya Marekani iliendeshwa kwa fedha za wadhamini, na mdhamini, ambaye kwa kawaida aliuza sabuni, kahawa au vyakula, alitaka saa za jioni ambapo familia nzima imekaa pamoja, na hakutaka jina la bidhaa yake lisikike karibu na maiti. Usiku wa manane haukuwa na mnunuzi. Kwa hiyo Cooper alipata kitu ambacho wenzake wa saa za jioni hawakuwa nacho, yaani uhuru: hapakuwa na mfanyabiashara wa kumridhisha, watoto walikuwa wamelala, na aliyebaki macho alikuwa amejichagulia mwenyewe kusikiliza. Kipindi kiliposimamishwa kwa muda mwanzoni mwa mwaka 1935, wasikilizaji walidai kirudishwe, kikarudishwa, na mwaka huohuo kikaanza kusikika nchi nzima kupitia mtandao wa NBC.

Uhuru huo ulitumiwa kikamilifu na mafundi wa milio. Hapa inafaa kueleza kwa kina, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa sanaa yenyewe. Kichwa kilipokatwa katika hadithi, studioni kulikuwa na kabichi ikipasuliwa kwa kisu kikubwa. Mifupa ilipovunjika, fundi alikuwa akivunja mbavu mbichi za nguruwe karibu na maikrofoni. Mtu alipokufa kwenye kiti cha umeme, kilichosikika kilikuwa nyama ya nguruwe ikichirizika mafuta kwenye kikaango. Fundi alijifunza mapema kwamba mlio wa kitu halisi mara nyingi hausikiki kuwa halisi redioni, ilhali mlio wa kitu kingine kabisa unaweza kushawishi kuliko ukweli wenyewe, mradi neno la mwigizaji limetangulia kumwambia msikilizaji anachosikia. Ukikata kabichi bila maneno, ni kabichi. Akilia mtu kwanza, kisha kisu kikashuka, hakuna anayefikiria mboga. Mlio na neno vilifungwa pamoja kama kufuli na ufunguo wake.

Cooper alipohama kwenda Hollywood mwaka 1936, kipindi kilichukuliwa na Arch Oboler, kijana mwenye mawazo ya ajabu na bidii isiyochoka. Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni ya mwaka 1937, kuhusu moyo wa kuku uliowekwa hai maabara, ambao baada ya ajali unaanza kukua, ukajaza chumba, kisha jengo, kisha mji, kisha dunia. Ukisimuliwa hivyo kwa muhtasari unaweza kuonekana kama hadithi ya watoto, na ungekuwa hivyo kama ungepigwa picha. Redioni kilichosikika ni mapigo ya moyo, ambayo yaliendelea kukua kadiri dakika zilivyokwenda. Oboler alichagua sauti ambayo kila msikilizaji anayo kifuani mwake, akaigeuza adui. Huo, kwa maoni yangu, ndio uamuzi bora wa kisanaa uliofanywa katika aina hii yote ya michezo.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo msikilizaji wa leo hulisahau. Mitandao mikubwa ya NBC na CBS, kwa muda mrefu, haikuruhusu vipindi vilivyorekodiwa kurushwa kitaifa. Mchezo uliigizwa mubashara, mara nyingi mara mbili katika usiku mmoja, kwanza kwa ajili ya pwani ya mashariki na tena saa kadhaa baadaye kwa ajili ya pwani ya magharibi, kwa kuwa majira ya saa hayalingani. Marufuku hiyo ilianza kulegea baada ya mwaka 1946, pale mwimbaji maarufu Bing Crosby alipohamia mtandao wa ABC uliomruhusu kurekodi vipindi vyake. Kabla ya hapo msikilizaji alijua kwamba sauti anayoisikia inatoka kwa mtu aliye hai wakati uleule, na kwamba kosa lolote, kikohozi chochote, kitatoka hewani. Redio ya miaka hiyo ilibeba ahadi moja, kwamba kinachosikika kinatendeka sasa hivi. Ahadi hiyo ndiyo iliyotumiwa usiku wa Jumapili, tarehe 30 Oktoba 1938.

Usiku huo Orson Welles, akiwa na umri wa miaka 23, na kundi lake la Mercury Theatre waliigiza kupitia CBS riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Mwandishi wa mchezo, Howard Koch, aliihamisha hadithi kutoka Uingereza hadi kijiji cha Grover's Mill jimboni New Jersey, na sehemu kubwa ya mchezo ikapewa umbo la taarifa za habari zinazokatiza muziki wa dansi. Mchezo huu hutajwa daima kila zinapotajwa michezo ya kutisha ya redio, na ndio uliozungukwa na mkanganyiko mwingi kuliko yote. Haukuwa na mizimu, haukutegemea fanani, wala haukutokana na vipindi vya usiku wa manane. Ulirushwa saa 2 ya usiku katika kipindi cha heshima cha fasihi. Kilichotisha ni umbo lake.

Ili kulielewa hilo yafaa kukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwezi mmoja tu kabla, wakati wa mgogoro wa Munich, Hitler alipodai sehemu ya Chekoslovakia, Wamarekani walikuwa wamezoea kusikia muziki ukikatizwa ghafla kwa habari za Ulaya iliyokuwa ikielekea vitani. Sikio lilikuwa limefundishwa kwamba muziki ukikatizwa, kuna jambo zito. La pili ni ajali ya Hindenburg, puto kubwa la kusafirisha abiria angani, lililoungua mwezi Mei 1937 huko Lakehurst, katika jimbo lilelile la New Jersey, ambapo mtangazaji Herbert Morrison alirekodiwa akilia kwa uchungu mbele ya moto. Frank Readick, aliyeigiza mwandishi wa habari Carl Phillips, aliisikiliza rekodi hiyo mara kwa mara kabla ya kuingia studioni, na mwigo wake unasikika wazi: utulivu wa kazi, kisha kigugumizi, kisha mayowe.

Halafu Phillips anakatika katikati ya sentensi, na Welles anawazuia waigizaji wote wasitoe sauti yoyote. Ni sekunde kadhaa tu. Katika redio, ukimya ni kosa, ni dalili ya mtambo kuharibika, na kila aliyefanya kazi studioni huuogopa. Welles aliutumia kama silaha. Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi, nikijua kabisa kinachofuata, na bado ukimya ule hunikaza kifua kuliko maelezo yoyote ya viumbe wale.

Je, taifa zima liliingiwa na hofu? Asubuhi iliyofuata magazeti yaliandika hivyo kwa herufi kubwa, na simulizi hiyo imeendelea kurudiwa hadi leo. Ukweli ni mdogo zaidi, ingawa haukosi kuvutia. Usiku huohuo kampuni ya C. E. Hooper iliyopima usikilizaji ilizipigia simu nyumba zipatazo 5,000, na ni asilimia 2 tu ya waliojibu waliosema wanasikiliza kipindi cha Welles, kwa kuwa NBC ilikuwa ikirusha saa ileile kipindi cha vichekesho cha Edgar Bergen kilichopendwa mno. Baadaye Hadley Cantril wa Chuo Kikuu cha Princeton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1940, alikadiria kwamba watu wapatao milioni 6 waliusikia mchezo na zaidi ya milioni 1 walishtuka, makadirio ambayo watafiti waliofuata wameyaona kuwa makubwa kupita kiasi. Hakuna kifo kilichothibitishwa kusababishwa na matangazo hayo nchini Marekani. Yafaa pia kukumbuka kwamba magazeti yalikuwa yakipoteza matangazo ya biashara kwa redio, hivyo kuionyesha redio kuwa chombo kisichoaminika kulikuwa na faida kwao.

Hata hivyo wapo walioogopa kweli, na sababu mojawapo inaturudisha kwenye fedha. Kipindi cha Welles hakikuwa na mdhamini, kwa hiyo hakikuwa na matangazo ya biashara ya kukikatiza, na aliyefungua redio akiwa amechelewa alikaa hadi karibu dakika ya 40 kabla ya kusikia tena kwamba ule ni mchezo. Katika mji mdogo wa Concrete, jimboni Washington, umeme ulikatika katikati ya matangazo. Sisi tuliozoea kukatikiwa na umeme tungewasha mshumaa, lakini mtu ambaye redio yake imetoka kumwambia kwamba mitambo ya nchi inateketezwa, kisha giza likaingia wakati huohuo, ana haki ya kukimbia. Mwishoni mwa mchezo Welles aliwaeleza wasikilizaji kwamba kundi lake limefanya kwa redio kile ambacho wengine hufanya usiku wa Halloween, yaani kujifunika shuka na kuruka kutoka kichakani. Wiki chache baadaye, kampuni ya supu ya Campbell ilikubali kukidhamini kipindi chake.

Msiba wa kweli ulitokea kwingine. Tarehe 12 Februari 1949, Radio Quito ya Ekuado iliiga umbo lilelile la habari za uvamizi, na wananchi walipogundua kwamba wamedanganywa, hofu yao iligeuka hasira. Umati ulilichoma moto jengo la gazeti la El Comercio, lililokuwa na studio za redio hiyo, na watu kadhaa walipoteza maisha. Mtu anayeisimulia hadithi ya mwaka 1938 kama kichekesho cha watu wajinga anapaswa kuujua usiku huo wa Quito.

Tawi jingine la michezo hii ni lile la taharuki, lililotawaliwa na kipindi cha CBS kiitwacho Suspense, kilichodumu kuanzia mwaka 1942 hadi Septemba 1962. Humo mizimu ni michache; hofu hutoka kwa binadamu. Mfano wake mkuu ni Sorry, Wrong Number, mchezo wa Lucille Fletcher uliorushwa mara ya kwanza tarehe 25 Mei 1943, ambamo mama mgonjwa aliye peke yake chumbani anasikia, kwa sababu ya laini za simu kuingiliana, wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani usiku uleule. Agnes Moorehead aliubeba mchezo karibu wote kwa sauti yake peke yake, akianza kama bibi msumbufu asiyependeza na kuishia mahali ambapo huwezi tena kumchukia. Ubora wa maandishi ni kwamba simu nayo ni sauti isiyo na uso, kwa hiyo mama yule anasikiliza hatari gizani kama sisi tunavyomsikiliza yeye. Ni kanuni ya mgodi wa Hughes, miaka 19 baadaye. Mchezo huo ulirudiwa katika Suspense, Moorehead akiwa ndani yake, hadi ukafikia mara 8.

Inner Sanctum Mysteries, kipindi cha Himan Brown kilichoanza mwaka 1941, kinajulikana zaidi kwa mlango wake uliolia kwa bawaba kavu mwanzoni na mwishoni mwa kila hadithi. Hadithi zenyewe mara nyingi zilikuwa dhaifu, na mwaka 1945, mdhamini alipokuwa Lipton, mama mmoja mkarimu aliingizwa kusifu chai katikati ya mauaji. Mlango ule, hata hivyo, haujasahaulika.

Tunavyoweza kuyasikia haya yote leo ni jambo la bahati. Marufuku ilihusu kurusha rekodi, siyo kurekodi, kwa hiyo vituo, wadhamini na waigizaji walikata nakala zao kwenye santuri kubwa za kipenyo cha inchi 16, kila upande ukibeba takriban dakika 15. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alumini ilipohitajika kwa ndege, nyingi zilitengenezwa kwa kioo, zikavunjika kirahisi. Nyingine zilitupwa zilipoonekana hazina thamani. Sehemu kubwa ya vipindi vya mwanzo vya Lights Out haipo tena, na The Witch's Tale imebaki vipande vichache.

Anayetaka kuanza, ningemshauri asianze na Welles, kwa sababu amekwisha kusikia mno habari zake. Aanze na Quiet, Please, kipindi ambacho Wyllis Cooper alikianzisha mwaka 1947 baada ya kurudi redioni, na hasa na The Thing on the Fourble Board, kilichorushwa Agosti 1948. Mfanyakazi wa zamani wa kisima cha mafuta, aliyeigizwa na Ernest Chappell, anamkaribisha mgeni nyumbani kwake na kumsimulia kwa upole, bila haraka, juu ya kitu kilichopanda kutoka ardhini pamoja na mabomba ya kuchimbia. Kitu hicho hakionekani kwa macho. Kinalia kama mtoto. Mgeni hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, na inachukua muda kabla hujatambua kwamba kiti alichokalia ni chako, kwamba mwenye nyumba anazungumza na wewe, na kwamba mkewe, ambaye yeye anaendelea kumwita aje kutoka chumba cha pili, yuko njiani anakuja.